Kikao cha ushauri kwa wazazi wa watoto wenye mdomo sungura, Mwanza: kizuri kwenye uumbikaji, kifupi kwenye urithi

Kikao ambacho hospitali moja ya jijini Mwanza huwaandalia wazazi kabla ya watoto wao kufanyiwa upasuaji wa mdomo sungura kinaeleza vizuri mno jinsi uso wa mtoto unavyojengeka tumboni, lakini kinapofika kwenye suala la kurithi kinakuwa kimeishiwa muda. Nilihudhuria nikimsindikiza mdogo wangu, aliyevuka kwa kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema akiwa na mwanawe mchanga, huku nyumbani wakwe wakishikilia kwamba alimcheka mlemavu akiwa na mimba ya miezi sita.

Muuguzi aliyeongoza hakuanza kwa kukemea imani za watu, jambo ambalo lingewafanya wengi wanyamaze. Alianza na kalenda ya mimba. Uso huanza kuumbika kwenye wiki ya 4 baada ya mimba kutungwa, pale seli zinazotoka kando ya uti wa neva unaochipukia zinaposafiri hadi mbele ya kichwa na kujenga vivimbe vitano: kimoja cha paji la uso, viwili vya taya la juu na viwili vya taya la chini. Vivimbe vya taya la juu husogea kuelekea katikati hadi vikutane na sehemu zinazozunguka matundu ya pua, na kuungana huko ndiko kunakoleta mdomo wa juu, kazi ambayo kwa kawaida huwa imekwisha kufikia wiki ya 7. Sehemu hizo zisipofikiana, au zikifikiana lakini utando mwembamba wa seli ulio kati yake usitoweke inavyotakiwa, mpasuko hubaki, na hutokea zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia.

Kuhusu kaakaa alitumia viganja vyake. Aliviteremsha wima, kimoja huku na kingine kule, akaeleza kwamba kuta mbili za kaakaa huanza kukua zikiwa zimening'inia kando ya ulimi, kisha taya linapokua na ulimi kushuka, kuta hizo huinuka zikalala sawasawa juu yake na kuungana kuanzia mbele kwenda nyuma hadi kwenye kimeo. Kufikia wiki ya 12 hivi, dari la kinywa huwa limeshafungwa. Kwa kuwa kazi hii huja baada ya ile ya mdomo, mtoto anaweza kuwa na mdomo mzima na kaakaa lililopasuka, au kinyume chake. Mdogo wangu alihesabu kwa vidole na kutambua kwamba miezi sita ilikuwa imechelewa mno kupasua chochote. Kwa sehemu hiyo pekee nauli yetu ilikuwa imelipa.

Kisha tukaja kwenye jeni, na hapo ndipo nina malalamiko. Tuliambiwa kwa sentensi moja kwamba hali hii «huweza kurithiwa», tukahamia kwenye fomu za upasuaji. Neno hilo likiachwa peke yake ni hatari, kwa sababu akina mkwe hulichukua na kulibebesha ukoo wa mama, ilhali mtoto hupata jeni kutoka kwa wazazi wote wawili. Ilibidi nimsubiri daktari mlangoni, naye, nikiri, alinijibu kwa subira. Watoto wengi wenye mdomo sungura hawana ugonjwa mwingine wowote. Kwao jeni nyingi zenye athari ndogo ndogo hukutana na mazingira ya mimba, kama vile moshi wa tumbaku, kisukari cha mama kisichodhibitiwa, au baadhi ya dawa za kifafa, ambazo hata hivyo mama hapaswi kuziacha bila kumwona daktari. Hata pacha wa kufanana si lazima wote wawili wawe nayo. Wazazi wasio na mpasuko waliopata mtoto mmoja wa namna hii wana uwezekano wa takriban 2 hadi 5 kati ya 100 wa kupata mwingine.

Hesabu hubadilika kabisa kwenye hali iitwayo Van der Woude. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba husababishwa na hitilafu ya jeni ya IRF6, ambayo husimamia ukomavu wa seli za utando, zikiwemo zile zinazopaswa kuungana usoni. Mzazi mwenye hitilafu hiyo anaweza asiwe na mpasuko, bali vishimo viwili vidogo tu kwenye mdomo wa chini, na bado kila mtoto wake akawa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kukagua midomo ya wazazi huchukua dakika moja na hakuhitaji maabara, kwa hiyo sioni kwa nini kusiwe sehemu ya kikao.

Ukumbi ni safi, foleni ni ndefu, na muuguzi huingia kwenye Kisukuma bila shida kwa wazee wanaokihitaji. Ninawashauri wanaokwenda waende na baba wa mtoto, ikiwezekana na mama mkwe pia, na waombe mapema midomo ya chini ya wazazi wote wawili itazamwe. Shemeji yangu alikuwa ziwani siku hiyo, kwa hiyo wake bado haujatazamwa.