Harufu ya mpira kuungua kwenye Fielder yangu, na fundi wa Kibuye aliyeikomesha

Gari langu ni Toyota Fielder ya 2008, otomatiki. Kila siku ya kazi linateremka kutoka Chavakali hadi Kisumu na jioni linarudi. Mwezi wa pili likaanza kunuka. Haikuwa harufu ya petroli wala ya oili, ilikuwa ile ya ndara iliyoangukia jiko la makaa. Mara ya kwanza niliisikia nikiteremka mlima wa Riat kuelekea Mamboleo, nikadhani ni lori lililokuwa mbele yangu. Lori likakata kona, harufu ikabaki.

Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilinisikiliza nusu dakika. "Inanuka ukiteremka? Hizo ni breki." Wakabadilisha pedi za mbele, nikalipa 6,500, nikaenda zangu nikiwa na amani. Jioni hiyo hiyo nikipanda Riat kurudi nyumbani, AC ikiwaka, harufu ikaingia kupitia matundu ya hewa kama mgeni aliyezoea nyumba. Hapo ndipo akili iliponijia. Kupanda mlima nani hukanyaga breki? Nikaegesha Kiboswa, nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Zote nne zilikuwa na joto linalolingana. Breki ikishika, gurudumu lake ndilo huchemka peke yake.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye, Kisumu. Hana kibao, unauliza tu. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba robo saa nzima hakushika spana. Aliuliza. Harufu inakuja saa ngapi? Kuna moshi? Ukiwasha gari asubuhi linalia? Nikakiri kwamba linalia, kama panya aliyebanwa na mlango, na kwamba kwa wiki mbili dawa yangu ilikuwa kuongeza sauti ya redio.

"Madam," akasema, "lilikuwa linakuita."

Akafungua boneti, akamulika kwa simu. Pembeni mwa belti, ule mkanda wa mpira wa injini, kulikuwa na vumbi jeusi laini, kama masizi ya koroboi. Alipoifungua belti akanikabidhi mkononi. Upande wa ndani uling'aa kama dawati lililokaliwa miaka kumi, na ukingo mmoja ulikuwa umechanika, nyuzi zikining'inia. Mimi nikasema basi tununue nyingine tuondoke. Akakataa. Belti ni mgonjwa, akasema, kwanza tumtafute aliyeiambukiza.

Kisha akaniambia nizungushe puli, yale magurudumu madogo ambayo belti hupitia, mwenyewe, moja moja. Hili sikuwahi kufanyiwa na fundi yeyote. Ya alteneta, inayochaji betri, ilizunguka kimya. Ya pampu ya maji vilevile. Ya kompresa, pampu ya gesi ya AC, ikakwaruza kama kijiko kwenye sufuria yenye mchanga, ikasimama. Beringi yake, ile pete ya gololi inayoifanya izunguke laini, ilikuwa imekufa. Puli ikigoma, belti inateleza juu yake ikisuguana mpaka inaungua. Nikauliza kama ningeepuka haya kwa kuzima AC tu. La, puli hiyo huzunguka muda wote injini ikiwaka, AC iwe imewashwa au imezimwa. Na belti hiyo moja ndiyo inayozungusha pampu ya maji. Ingenikatikia pale mlimani, injini ingechemka, na nadhani bado ningekuwa naongeza sauti ya redio.

Akanipa chaguo la bei nafuu: belti fupi inayoiruka kompresa, niendeshe bila AC. Kisumu, mwezi wa pili, saa nane mchana! Nikalipia kazi kamili: beringi 1,400, belti 1,900, ufundi 2,000. Mabomba ya gesi hakuyagusa, kwa hiyo hakukuwa na gharama ya kujaza gesi upya.

Sasa malalamiko. Kijana aliyetumwa mjini alileta beringi isiyo saizi, ikabidi arudi. Nilifika saa tatu asubuhi nikatoka saa tisa, nimekalia tairi, jirani yangu akigonga mlango wa matatu kwa nyundo mfululizo. Hakuna risiti, una ujumbe wa M-Pesa tu. Waranti ni maneno ya mdomo: "Ikilia, rudi." Ukienda, nenda mapema, beba maji na kofia.

Wiki sita sasa halijalia wala kunuka. Nampa nyota nne. Ya tano imeliwa na lile tairi.

Pedi za zamani nilikuwa bado nimeziweka kwenye buti. Nilipomwonyesha, akazigeuza, akapima unene kwa ukucha, akanirudishia bila kusema neno. Nilipomsisitiza akasema zilikuwa na miezi mingi tu mbele yake.