Ragtime kwa watoto: karatasi ya matundu au silinda ya nta?

Mtoto anaweza kuijua ragtime, muziki wa Wamarekani weusi uliovuma tangu miaka ya 1890, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni karatasi ndefu yenye matundu inayoifanya piano ijipige yenyewe. Scott Joplin, mtunzi maarufu wa ragtime, alitengeneza chache mwaka 1916, na hakuna rekodi ya sauti ya upigaji wake inayojulikana. Mlio ni safi, watoto huanza kucheza papo hapo. Ila matundu yaliweza kuongezwa baadaye, kwa hiyo usiape kwamba unasikia vidole vya Joplin.

Ya pili ni silinda ya nta, chombo cha zamani cha kurekodia sauti: dakika mbili hivi, mikwaruzo tele. Maikrofoni haikutumika; mpigaji alielekea pembe la bati, sindano ikachora mtetemo kwenye nta. Piano ilinaswa hafifu, ndiyo maana ragtime nyingi za mwanzo zilirekodiwa kwa banjo, kama za Vess Ossman.

Mimi ningeanza na silinda. Ili mtoto aone jinsi sindano inavyotoa sauti, chukua santuri usiyoijali (itakwaruzika, usijidanganye), koni ya karatasi na sindano, mtoto aizungushe kwa kidole: sauti inatoka bila umeme! Wa chini ya miaka mitano mwekee muziki wa karatasi ya matundu tu, acheze.