Shiti gani ya plastiki ununue ukitaka kutengeneza kava za fenda nyumbani

Kava za fenda, zile plastiki nyeusi zinazozunguka upinde wa bodi juu ya tairi, zikivunjika kwenye gari la zamani, kupata seti kamili inayokaa sawasawa ni kazi. Kuzitengeneza nyumbani kunawezekana: oveni, mashine ya kupuliza hewa moto, kalibu ya mbao na vibano vinatosha. Lakini kabla ya kununua mashine yoyote, chagua shiti vizuri. Jua likishaanza kula plastiki isiyofaa, ufundi wako wote unakwenda na maji.

1. ABS yenye tabaka la ASA, mm 3. Hii ndiyo ya kununua. ABS ni plastiki ngumu inayolainika vizuri kwa joto, inashika umbo na haivunjiki kirahisi, ila mpira uliomo ndani yake huharibiwa na mwanga wa jua: inafifia, inatoa vumbi jeupe, kisha inapasuka. ASA ni ndugu yake inayovumilia jua, na tabaka lake jembamba juu ya shiti linaikinga. Muulize muuzaji ni upande upi wenye ASA, uweke alama, na huo ndio uangalie nje.

2. ABS ya kawaida, nyeusi, mm 3. Nunua hii kama utaipiga rangi. Praima ya plastiki, rangi, kisha kliya (rangi angavu ya juu) yenye kinga ya jua. Ukiiacha wazi, usitegemee ikae miaka.

3. Bampa bovu. Kwa kiraka au kipande kifupi, ni chaguo la bei nafuu kuliko yote. Geuza bampa usome mhuri wa ndani: PP+EPDM, yaani polipropilini (PP) iliyochanganywa na mpira, ni plastiki inayofaa, na inachomelewa kwa hewa moto na fito za PP. Gundi za kawaida hazishiki hapo, na rangi itabanduka usipotangulia na praima maalumu ya PP.

4. HDPE (plastiki ya madumu). Nzuri kwa madigadi na vikinga vya chini ya gari tu. Haishiki gundi wala rangi, na inatanuka mno kwa joto.

5. PETG (ya jamii ya plastiki ya chupa za maji). Inafinyangwa kirahisi, na hapo ndipo inapodanganya watu. Inaanza kulainika karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, na plastiki nyeusi iliyoanikwa juani inaweza kulikaribia joto hilo. Kava itapinda ikiwa imeegeshwa tu.

Shiti za PVC za povu, zile za mabango, ziache kabisa. Zinabonyea, na zikiungua hutoa moshi wenye asidi.

Dukani, usiamini jina peke yake. Omba kipande cha pembeni ukitumbukize kwenye maji: HDPE na PP huelea, ABS huzama. Kisha dondoshea asetoni. ABS inanata kama gundi, PP haibadiliki. Pima unene kwa kalipa, au pima uzito: shiti nzima ya ABS ya sm 122 kwa 244, mm 3, ina karibu kilo 9.4. Nusu shiti inatoa vipande vinne vya sm 30 kwa 122, yaani gari zima, lakini bila cha majaribio. Ongeza vipande viwili, kwa sababu cha kwanza mara nyingi huharibika.

Kinachokiharibu zaidi ni unyevu. ABS hunyonya maji hewani, na ukiipandisha joto ghafla inatoka malengelenge kama chapati kwenye kikaango. Ikaushe kwa nyuzi 80 kwa saa tatu, ndipo uipandishe hadi 150–170. Ikianza kuning'inia katikati, iko tayari. Ibane juu ya kalibu mara moja na usiitoe mpaka ipoe. Ukilazimisha kuikunja ikiwa baridi, mstari mweupe utatokea kwenye kunjo, na ufa utaanzia hapo. Kona za kalibu ziviringe, kwa sababu kwenye kona kali shiti inavutika na kubaki nyembamba. Oveni ya chakula usiitumie, na fungua madirisha, maana mvuke wa ABS si wa kuvuta.

Usisahau bajeti ya kufungia. Kava ya mita moja hutanuka karibu mm 3 joto likipanda nyuzi 40, hivyo skrubu ya mm 5 itobolee tundu la mm 7 na uweke washa (kiduara cha chuma chini ya kichwa cha skrubu) pana. Kaza katikati, ncha ziache zicheze kidogo. Kati ya kava na bodi weka ukanda wa mpira, la sivyo plastiki itasugua rangi mpaka bati lionekane, na kutu haichelewi. Ukipendelea tepu ya pande mbili, chukua ya povu ya akriliki, mfano VHB ya 3M. Futa bodi kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, gandamiza kwa nguvu, na usioshe gari kwa saa 72, kwani gundi yake hufikia nguvu kamili taratibu.