Star Trek ya 1966 kwenye Blu-ray: kitufe kimoja na ugomvi wa miaka mingi

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina kasha la Blu-ray la Star Trek, mfululizo wa televisheni wa safari za angani, ile ya kwanza kabisa, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966. Misimu mitatu, vipindi 79. Diski hizi zilitoka 2009, kwa hiyo si bidhaa mpya. Nazichambua sasa kwa sababu kila mfululizo mpya wa Star Trek ukitoka, mashabiki tunarudi kwenye ugomvi uleule: mbona viumbe wamebadilishwa sura, mbona chombo chao cha angani, Enterprise, si kile tulichokizoea, na je, hii bado ni hadithi moja? Mimi nina msimamo wangu, na kasha hili ndilo lililonisaidia kuupata.

Tazameni hapa. Nimeweka kipindi cha mwaka 1967, "The Doomsday Machine", lile dude linalomeza sayari. Chombo mnachokiona kinakatiza ni picha ya kompyuta. Kati ya 2006 na 2008 kampuni ya CBS Digital ilisafisha vipindi vyote na kutengeneza upya picha za angani. Sasa nashika rimoti, nabonyeza kitufe cha kubadilisha pembe ya kamera. Haya, angalieni. Kipindi kinaendelea palepale, waigizaji ni walewale, ila nje ya chombo tumerudi 1967. Nabonyeza tena, tuko kwenye picha mpya. Hakuna kurudi kwenye menyu wala kubadilisha diski. Toleo la zamani na toleo jipya yamekaa kwenye diski moja, na anayechagua ni wewe uliyekaa kwenye kochi.

Nawaomba mkae kidogo na picha ya zamani, msiikimbie. Hiyo Enterprise ni modeli ya kweli, urefu wake kama mita 3.4, sehemu kubwa mbao, na leo imehifadhiwa Washington katika jumba la makumbusho la anga la Smithsonian. Angalieni inavyopita: karibu kila mara tunaonyeshwa ubavu wa kulia. Upande wa kushoto haukumaliziwa, maana nyaya za taa ziliingilia huko. Walipotaka chombo kielekee upande wa pili, walibandika namba na maandishi kinyumenyume, wakapiga picha, kisha wakaigeuza filamu. Na huu ukungu wa chembechembe mnaouona unakuja ghafla kila chombo kinapotokea, chanzo chake ni kunakili. Ili kukipachika chombo juu ya nyota, filamu ilinakiliwa tena na tena, na kila nakala iliongeza uchafu wake. Ndiyo maana sura ya Kapteni Kirk iko safi mpaka unaona nyuzi za shati lake, halafu sekunde inayofuata chombo kinaonekana kama kimepita kwenye vumbi.

Je, picha mpya ni bora? Zingine ndiyo. Dude la kumeza sayari lina uzito sasa, linatisha. Lakini Enterprise ya kompyuta, hasa kwenye vipindi walivyoanza navyo, inang'aa kama plastiki na inapita laini mno. Kitu kilicholetwa ili kipindi kisionekane kimezeeka, leo nacho kimezeeka, tena vibaya kuliko mbao za 1966. Mimi natazama za zamani, isipokuwa vipindi vichache nitakavyowatajia.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe, maana najua ndio mliojia.

Waklingon, wale viumbe wapiganaji, mahasimu wa Kirk. Msimu wa kwanza kwenye kasha hili kuna "Errand of Mercy", ndipo walipotokea mara ya kwanza. John Colicos anaigiza kamanda Kor: uso umepakwa rangi nyeusi-nyeusi, masharubu, nyusi zimechongwa, basi. Paji la uso ni kama langu na lako. Filamu ya Star Trek ya 1979 ikaja, Waklingon wakatokea na matuta ya mifupa kuanzia puani mpaka kisogoni, bila neno hata moja la maelezo. Watu waliyapokea. Kuanzia 1987 Michael Dorn aliigiza Mklingon aitwaye Worf na matuta hayo miaka mingi, na hata paji la Worf mwenyewe lilibadilishwa kidogo baada ya msimu wa kwanza. Mwaka 1994 kwenye Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, Colicos alirudi kama Kor yuleyule, safari hii ana matuta, na hakuna aliyemuuliza yametoka wapi.

Ikafika 1996, miaka 30 ya Star Trek. Wakatengeneza kipindi ambacho watu wa Deep Space Nine wanarudishwa nyuma mpaka ndani ya kipindi cha 1967 cha wale wanyama wa manyoya, Tribble. Seti za zamani zilijengwa upya kwa uangalifu wa ajabu, taa kwa taa, kitufe kwa kitufe. Worf anaulizwa mbona Waklingon wa hapa hawana matuta. Anajibu kwamba hilo jambo hawalizungumzi na watu wa nje, imeisha hiyo. Kwangu mimi hapo ndipo suala lilipopaswa kufungwa. Lakini 2005 mfululizo mwingine, nao ukiitwa Enterprise, ulitoa vipindi viwili vizima kueleza kuwa kulikuwa na virusi vilivyotokana na vinasaba vya binadamu walioboreshwa, vikawafuta matuta. Wameviandika vizuri, sikatai. Lakini kuanzia siku hiyo shabiki amezoeshwa kudai cheti kwa kila paji la uso. Mfululizo wa Discovery ulipokuja 2017 na Waklingon wenye vipara, vichwa virefu na pua zilizopasuka, watu hawakuuliza kama wanapendeza. Waliuliza: wametoka wapi, kirusi kiko wapi? Msimu wa pili wakarudishiwa nywele, na mfululizo uliofuata, Strange New Worlds, unaosimulia miaka ya kabla ya Kirk kuwa kapteni, ukawasogeza tena karibu na sura ya akina Worf.

Discovery ilikosea kwa kuficha nyuso. Waigizaji walizikwa chini ya mpira mnene mpaka macho tu ndiyo yanacheza, na hotuba ndefu za Kiklingon zikakosa uhai. Hilo ni kosa la uigizaji. Kwamba hawafanani na Colicos wa 1967 halinisumbui kabisa.

Na mashabiki wenzangu mnaosema zamani mambo yalikuwa yamepangwa, nawapeleka tena kwenye kasha hili. "Where No Man Has Gone Before", kipindi cha 1966: Kirk anachongewa jiwe la kaburi, limeandikwa James R. Kirk. Baadaye jina likawa James T. Kirk mpaka leo. Khan, adui mkubwa wa Kirk, alipotokea 1967, Chekov, afisa wa Enterprise, alikuwa bado hajaonekana kwenye kipindi hata mara moja. Filamu ya 1982, Khan anamtazama Chekov na kusema anaukumbuka uso wake. Hiyo ndiyo filamu ambayo wengi wetu tunaipenda kuliko zote. Tulisamehe, kwa sababu Khan ni Khan: kiburi kilekile, chuki ileile dhidi ya Kirk, na chuki hiyo ina sababu.

Sasa niwaambie mahali ninapogoma. Wagorn. Rudini msimu wa kwanza, "Arena". Mgorn ni mtu ndani ya vazi la mpira la mjusi, anatembea pole pole kwenye majabali ya Vasquez, California. Bonyezeni kitufe mlione lile toleo la 2006: Mgorn anapepesa macho! Walimwongezea kope. Jambo dogo sana, lakini naona limemfaa, hii ni mojawapo ya zile chache. Kwa sababu kipindi kizima kinaegemea swali la kama huyu ni mnyama au ni mtu. Wagorn wameua watu kwenye kituo cha Cestus III. Kirk anataka kulipiza. Mwishoni ana nafasi ya kumchinja, anakataa, kwa kuwa ameanza kufikiri kwamba pengine wenzake ndio waliojenga kwenye ardhi ya watu, na Wagorn walikuwa wakijilinda. Kope mbili zinazopepesa zinalisaidia wazo hilo.

Kuanzia 2022 Strange New Worlds imewafanya Wagorn kuwa wawindaji wanaotaga ndani ya miili ya watu, na watoto wao wanatoka kwa kupasua mwili. Enterprise hiyohiyo inapambana nao miaka kadhaa kabla ya "Arena", ambako Kirk na wenzake wanaonekana kutowajua kabisa. Sura mpya ya Mgorn naipenda. Kinachoniuma ni kwamba huruma ya Kirk inaondolewa ardhi iliyosimama juu yake. Ukishaona kiumbe kinageuza watu kuwa viota, ile hoja ya kujilinda inabaki nini? Mwaka 2025, msimu wa tatu, walileta kipindi ambacho rubani Ortegas anakwama pamoja na Mgorn mmoja, wanasaidiana ili wasife. Nilikifurahia sana, maana ndani yake naona waandishi wamegundua kilichopotea. Hilo ndilo la kugombania, ndugu zangu. Unene wa ngozi ya mjusi tuwaachie wachoraji.

Na kuna mfano wa mabadiliko yaliyofanywa kwa heshima. Kipindi cha Tribble, msimu wa pili. Toleo la 1967 Kapteni Koloth wa Waklingon anakuja, lakini chombo chake hatukioni. Kipindi cha 1996 kilituonyesha chombo hicho kimesimama karibu na kituo. Halafu 2006, walipotengeneza upya picha za angani, wakakiweka chombo hicho kwenye kipindi cha 1967 pia. Kazi ya baadaye imerudi nyuma ikajaza pengo bila kumgusa mtu yeyote wala kubadilisha neno. Hapa bonyezeni toleo jipya bila wasiwasi.

Siwezi kumaliza bila Uhura, afisa mawasiliano wa Enterprise, mwenye jina lililotokana na uhuru wetu. "The Changeling", msimu wa pili: mashine inamfuta kumbukumbu, anaanza kufundishwa Kiingereza upya, na akikwama anarukia Kiswahili. Lafudhi ya Nichelle Nichols aliyemwigiza ni ya kigeni, lakini hiki ni Kiswahili kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1967. Katika vipindi vyote 79 hakupewa jina la kwanza. Nyota lilikaa kwenye vitabu na midomoni mwa mashabiki mpaka filamu ya 2009 ilipolitamka. Strange New Worlds ikaja kutuambia kwamba ni Mkenya, Celia Rose Gooding akampa ujana na huzuni ya kufiwa. Hafanani na Nichols, na sijasikia mtu makini akilalamika, kwa sababu yule dada mwenye sikio la lugha na wimbo yumo ndani yake.

Haya, bidhaa. Picha zimeskaniwa upya kutoka filamu ya milimita 35, rangi ni kali, na seti zinaonekana mpaka viungo vya mbao. Kama mnanunua kutoka nje, kumbukeni Afrika iko eneo B la Blu-ray pamoja na Ulaya, na Marekani ni eneo A. Muulizeni muuzaji kabla hamjalipa. Anayetazama kwa kulipia mtandaoni kwa kawaida anapata toleo lenye picha mpya peke yake. Kitufe hiki kipo kwenye diski, na ndicho ninachokilipia.

Bajeti ikiruhusu msimu mmoja tu, chukueni wa pili. Una "The Doomsday Machine", una Uhura na Kiswahili chake, una Tribble wa 1967, na kwenye nyongeza wameweka kile kipindi cha Deep Space Nine cha 1996 kizima. Kitazameni hicho mara tu baada ya kile cha 1967, siku hiyohiyo, mkiwa bado mnakumbuka nani alisimama wapi.