Begi la mgongoni la kila siku: lipi la kununua, na je, la ghali lina thamani yake?

Begi langu la kazini lilikatika mkanda wa kulia nikiwa napanda basi. Ndani mlikuwa na kompyuta, chupa ya maji ya lita moja, mwavuli na faili mbili za karatasi, na vyote vilishuka kwa kishindo kwenye ngazi ya chuma. Begi lilikuwa na miezi saba tu. Kitambaa kizima, zipu nzima. Usiku ule nililigeuza nje ndani, nikaikata bitana kwa wembe, ndipo nikauona uchafu wote: mkanda ulikuwa umeshikwa na mistari miwili ya mshono wa kawaida, umeingia kwenye upindo kwa kina kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, na ukingo wa kitambaa haukuzibwa hata kidogo, nyuzi zimechomoka kama ndevu. Laiti ningejua pa kutazama, ningeiona dosari ile nikiwa bado dukani.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kupindua mabegi. Nimeshika ya bei ya chini kabisa na yale ambayo bei yake inakufanya usome kibandiko mara mbili. Nilichokiona ni kwamba pesa yako inanunua ubora wa kweli mpaka mahali fulani, kisha inaacha. Chini ya mahali hapo utanunua mara mbili. Juu yake unalipia jina, mtindo, au uimara ambao maisha ya kawaida hayatauhitaji kamwe. Kazi ni kujua mpaka huo uko wapi kwa mzigo wako wewe.

Pa kuangalia kwanza

Watu wengi wakishika begi huanza na rangi na idadi ya mifuko. Anza na mikanda. Mabegi mengi hufia pale mkanda wa bega unapoingia mgongoni mwa begi, maana ndipo uzito wote unaponing'inia, na unapolirusha begi begani kwa mkanda mmoja mshtuko wake ni mkubwa kuliko uzito wenyewe. Pindua begi utazame kiungo hicho. Unachotaka kuona ni mshono mzito wa kwenda na kurudi, uliosongamana kama kovu dogo, au mraba ulioshonwa na alama ya X katikati. Kisha shika mkanda kwa mkono mmoja na mgongo wa begi kwa mwingine, uvute kwa nguvu. Matundu ya sindano yakifunguka ukaona mwanga, lirudishe mahali pake. Chini nako, pale utepe mwembamba unapoungana na begi, tafuta kipande cha kitambaa cha pembetatu; kipande hicho husambaza mvuto badala ya kuuacha wote kwenye sehemu moja ya mshono.

Fungua begi pia, utazame mishono kwa ndani. Ukingo wa kila mshono unapaswa kuvishwa utepe, ili kitambaa kisichanike nyuzi taratibu. Hili halionekani kwa nje, ndiyo maana mtengenezaji anayebana gharama huliacha kwanza.

Sponji ya mkanda ibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Vidole vikikaribia kugusana, mkanda huo utakuwa bapa baada ya miezi michache na utaanza kukukata bega. Usidanganyike na ulaini: sponji teketeke inayokufurahisha dukani ndiyo inayowahi kulala. Nzuri ni ile inayokupinga kidogo, kisha inarudi haraka.

Zipu

Baada ya mikanda, zipu. Jina utakaloliona mara nyingi kwenye kichwa cha zipu ni YKK, kampuni ya Japani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934. Zipu zake zinategemewa, lakini herufi hizo zinakuhakikishia zipu tu, hazisemi lolote kuhusu aliyeishona. Nyuma ya kichwa cha zipu mara nyingi kuna namba: 3, 5, 8 au 10. Ni takriban upana wa meno yaliyofungwa, kwa milimita. Kwa mfuko mdogo wa mbele 5 inatosha. Kwa mlango mkuu wa begi linalojazwa kila siku, mimi natafuta 8 au 10.

Kwa begi la kila siku ninapendelea zipu yenye meno ya nailoni yaliyosokotwa kama springi kuliko ile ya meno ya plastiki moja moja. Ya springi ikifunguka katikati, mara nyingi unarudisha kichwa mwanzo, unakivuta tena, na meno yanashikana. Jino la plastiki likivunjika limevunjika. Na zipu ya aina yoyote ile, ukishalijaza begi, ifunge mpaka kwenye kona kali: hapo ndipo zipu mbovu hukwama.

Kitambaa, na namba zinazouzia mabegi

Utakutana na namba kama 420D, 600D, 1000D. D ni denia, yaani uzito wa mita 9,000 za uzi kwa gramu. Uzi wa 600D ukiunyoosha mita 9,000 una gramu 600. Namba kubwa ni uzi mnene zaidi, basi. Haikuambii uzi umefumwaje, wala ni wa nini. Nailoni hustahimili msuguano kuliko poliesta ya unene uleule. Poliesta nayo huvumilia jua vizuri zaidi na haipauki upesi. Kwa mtu anayebeba kompyuta na daftari, poliesta ya 600D iliyofumwa vizuri inatosha kabisa. Nailoni ya Cordura (jina la biashara la vitambaa imara) ya 1000D ni ngumu kwelikweli, lakini ni nzito, na ukiegemea nayo kila siku inaweza kuikwaruza shati yako mpaka itoe manyoya.

Sasa mpangilio wangu.

Namba 1: begi la bei ya kati kutoka kwa watengenezaji wa mabegi

Kwa watu wengi, hapa ndipo pa kuishia. Nasema watengenezaji wa mabegi kwa makusudi, maana kampuni ya viatu au ya nguo inayouza na mabegi mara nyingi huweka nembo kubwa kwenye begi la kawaida. JanSport, iliyoanza Seattle mwaka 1967, na Eastpak, ambayo mizizi yake ni kiwanda kilichoshonea jeshi la Marekani mabegi ya turubai, ni mifano ya aina ninayoisema: umbo sahili, mifuko michache, mishono iliyokazwa. (Jina la JanSport limetokana na Jan Lewis, mshonaji wa mabegi yake ya mwanzo. Hilo hunifurahisha, kwa sababu kwenye begi mshonaji ndiye mwenye kazi.)

Lakini nembo isikupumzishe. Kampuni hizi nazo hutoa matoleo mepesi ya bei ya chini, na ukiliweka begi jepesi zaidi la kampuni kando ya lile linalofuata kwa bei, mara nyingi utaona la pili lina mikanda minene, sehemu ya chini iliyoimarishwa na chumba cha kompyuta. Nyongeza hiyo ndogo ya bei ndiyo yenye faida kuliko zote kwenye orodha hii.

Namba 2: begi la daraja la juu, la mtumba

Begi imara lililokaa kabatini mwa mtu miaka mitatu bado lina maisha marefu, na bei yake imeshashuka. Likague kama jipya, ila ongeza mambo mawili. Ingiza mkono ndani usugue ukuta wa begi: mpako wa plastiki unaozuia maji ukitoka kama maganda, au ukinata, liache begi hilo. Kisha vuta zipu pole pole kuelekea kufunga. Ikiacha meno wazi nyuma yake, mara nyingi kichwa ndicho kimechakaa, na fundi hukibadilisha kwa kazi ya dakika chache, kwa hiyo hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kuondoka.

Namba 3: begi ghali jipya

Hapa ndipo swali lenyewe lilipo, na jibu langu linategemea uzito unaobeba. Ukibeba kilo saba au nane kila siku, ukitembea nusu saa au zaidi, nunua bila kujuta. Kampuni kama Osprey, zilizotoka kwenye mabegi ya safari za milimani, huleta kwenye begi la mjini mgongo wenye umbo na mikanda inayofuata mabega, na tofauti yake utaisikia jioni. GORUCK hushona mabegi ya Cordura ya 1000D ambayo kuyachana kunahitaji nia mbaya. Lakini begi la namna hiyo lina zaidi ya kilo moja kabla hujaweka kitu, na kilo hiyo utaibeba miaka yote litakayodumu.

Piga hesabu kwa uaminifu. Tuseme begi la bei ya chini linakudumu mwaka mmoja na nusu. Begi la bei mara nne likidumu miaka sita mmetoka sare, na ukifika miaka minane umefaidi. Begi la bei mara kumi linatakiwa lidumu miaka 15 ili mtoke sare. Linaweza. Jiulize kama wewe utalitaka bado, maana kompyuta zitabadilika ukubwa, kazi itabadilika, na wengi huacha begi zima kwa sababu wamelichoka.

Kuhusu dhamana ya maisha: isome kabla hujailipia. Nyingi hufidia kosa la kiwandani na kukataa uchakavu wa kawaida, na mara nyingi gharama ya kulisafirisha begi mpaka kwa mtengenezaji ni juu yako. Kama kituo chao kiko bara jingine, dhamana hiyo kwako ni karatasi.

Namba 4: begi ghali la mtindo

Hulipendi begi kwa mikanda yake peke yake, nafahamu. Kånken ya Fjällräven ni mfano mzuri: ilitolewa Sweden mwaka 1978 kwa ajili ya watoto wa shule walioumwa migongo, ina uzito wa takriban gramu 300, na kitambaa chake hudumu. Kwa vitabu viwili na koti ni begi zuri sana. Lakini mikanda ya toleo lake la asili ni myembamba, haina sponji, na ukiijaza kompyuta na chaja mabega yatalalamika. Ngozi nayo hupendeza, ni nzito, na inataka kutunzwa. Nunua kwa macho wazi, kwa mzigo mwepesi.

Namba 5: la bei ya chini kabisa

Silidharau. Kwa mazoezi mara mbili kwa wiki, au kwa mtoto anayekua na atakayetaka jingine mwakani, linatosha. Kwa mtoto, uzito ndio wa kuangalia kuliko bei: madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanashauri begi lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mwili wake. Ila kompyuta yako usiikabidhi kwa begi hili. Hilo nimelilipia.

Ukubwa na chumba cha kompyuta

Lita 20 hadi 25 zinawatosha wengi. Begi kubwa hujaa tu. Ukiwa na nafasi utabeba, na mgongo ndio utakaolipa. Chini ya lita 18, chupa na koti havikai pamoja na kompyuta.

Chumba cha kompyuta nakikagua kwa mkono: sukuma vidole mpaka mwisho wa chumba, huku mkono wa pili ukishika sakafu ya begi kwa nje. Lazima uhisi pengo. Chumba kikifika mpaka chini kabisa, kila ukilitua begi unaitua kompyuta sakafuni. Mabegi mengi yenye maandishi makubwa ya kulinda kompyuta hushindwa jaribio hili.

Mkanda wa kifuani unasaidia mikanda isiteleze. Wa kiunoni, kwenye begi laini la lita 20, hauna kazi. Tundu la kuchajia simu lipuuze kabisa.

Kabla hujanunua jipya

Mpelekee fundi lile la zamani. Begi langu lililokatika lilifunguliwa bitana, likatiwa kipande cha utepe mpana wa nailoni kinachopita mgongoni kutoka mkanda mmoja hadi wa pili, likashonwa kwa mraba wa X. Sasa lina miaka minne, na kiungo kile ndicho imara kuliko vyote. Mkanda, kichwa cha zipu, kifungo cha plastiki, hata sponji vinabadilishika. Mpako wa ndani ukianza kubanduka ndipo pagumu: unga wake mweupe utaingia kwenye kila kitu, na hakuna sindano inayoutibu. Hapo nenda dukani, na uanze kwa kupindua mikanda.