TAHADHARI: Stika na kadi za barabara ya kulipia ya Uganda zinazouzwa hapa Mwanza ni FEKI, nimepigwa 255,000

Jamani nimekaa siku nne najishauri niandike au ninyamaze maana aibu yenyewe naijua mwenyewe, ila jana mtu wa kikoba chetu kaniuliza "yule kaka wa stika bado yupo, nasi tunakwenda Entebbe" nikaona nikinyamaza dhambi inakuwa yangu. Jina lake na namba yake siweki hapa, mpelelezi kaniambia nikiandika naweza kuvuruga kesi, lakini mtamtambua tu. Ni kaka mmoja mnene kiasi, mpole, sauti ya chini, alikuwa na kakontena ka bluu upande wa Nyegezi, anajiita wakala wa safari za Afrika Mashariki.

Mnajua tulivyoipigania hii likizo. Baba watoto akasema safari hii hatupandi basi, tunakwenda na Rav4 yetu wenyewe, Mwanza Bukoba Mutukula mpaka Entebbe, watoto wakaone ziwa letu lilivyo upande wa pili. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya makaratasi. Na ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba kazi ilikuwa yangu.

Sasa tatizo ni hivi, sisi huku barabara ya kulipia hatuijui. Tumezoea nauli ya kivuko enzi zile za Kigongo na Busisi, na waliofika Dar wanajua lile daraja la Kigamboni, basi. Nikasikia Uganda kuna barabara ya kwenda Entebbe unalipia getini, nikaingiwa na hofu. Nikawaza tukifika pale hatuna hela yao, hatujui lugha, gari lina namba za Tanzania, watatufanya nini. Mwenzangu wa kikoba akaniambia kuna kaka anashughulikia hayo yote, nenda tu.

Nikaenda siku ya Alhamisi mchana na mwanangu mkubwa. Kakontena kana feni, meza ya kioo, ramani kubwa ya Afrika Mashariki ukutani, mashine ya kulaminetia pembeni inanuka plastiki ya moto kabisa, nikajua hapa kazi zinafanyika. Kanisalimia kwa Kisukuma, akaniita mayu, yaani mama, kwa adabu zote, kampa mtoto kiti, katoa soda. Na hakuanza na habari ya hela! Kanieleza safari. Kasema barabara ya Entebbe imeanza kutoza Januari 2022, magari yamegawanywa madaraja, pikipiki kubwa kivyake, gari dogo kivyake, malori kivyake, kachora na peni pale Busega ya Kampala unapoingilia, Kajjansi, tawi la kwenda Munyonyo. Haya yote nimekuja kuyahakiki baadaye ni KWELI. Ndiyo maana nikamwamini, nyie mngefanyaje? Mtu anakutajia na geti liko wapi.

Halafu ndipo akaanza. Gari la kigeni lisilo na stika linapigwa picha na kamera, faini shilingi milioni mbili ya kwetu, gari linazuiwa Mutukula wakati wa kurudi mpaka ulipe. Kaisema taratibu kama mtu anayenionea huruma. "Mayu, kuna familia ya hapa Buswelu ililala mpakani siku tatu na mtoto mchanga." Moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwa wanangu. Kasema stika ni 85,000, kadi yenye salio ndani ni 150,000, na zote zinafanya kazi Uganda na Kenya kwa mwaka mzima, yaani hata tukienda Nairobi ile barabara ya juu tunapita tu. Nikaomba anipunguzie akacheka kidogo akasema hii hela si yangu mayu, ni ya serikali.

Nikalipa. Lipa namba ilikuwa ukutani lakini kasema ina hitilafu tangu asubuhi, tuma kwa hii ya kawaida. Likaja jina la mwanamke. Nikamuuliza. Kasema ni mke wangu ndiye mhasibu. Nikatuma.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndipo nilipokwisha. Alitoka mwenyewe nje juani, akafuta kioo cha gari kwa leso yake, akapumua pale kwenye kioo akafuta tena, akaibandika stika kona ya kushoto akaikandamiza kwa dole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni ili isibaki na hewa. Kisha akampa mwanangu simu yake, "hebu wewe mwanafunzi iskani tuone." Mtoto akaskani ile QR kodi, simu ikalia tiit, ikatokea alama ya kijani, namba ya gari letu, jina la baba watoto, na neno VALID. Mtoto akafurahi akapiga makofi! Ningekataaje? Kumbe ni ukurasa aliouandika mwenyewe dakika tano kabla kwa ile kadi ya gari niliyompa aipige picha. Kamtumia mwanangu, mtoto wa darasa la sita, kunithibitishia utapeli wake. Hilo sitamsamehe hata akinirudishia hela yote na nyongeza.

Tukaondoka saa kumi alfajiri. Lile daraja jipya la Kigongo tulivuka dakika chache tu jamani, nikakumbuka foleni za kivuko tulivyokuwa tunaota jua pale. Geita, Chato, Muleba, tukalala Bukoba kwa shangazi, asubuhi Kyaka mpaka Mutukula. Pale mpakani nchi zote mbili zipo jengo moja, unamaliza kugonga pasi na makaratasi ya gari humo humo. Mimi nikamwonyesha afisa ile stika kwa kujiamini, akaiangalia akasema mama hiyo hapa hatuihitaji, tunataka bima. Nikajisemea huyu mgeni, hajui. Bima ya COMESA, ile kadi ya njano, tulishakata kwa kampuni yetu ya bima, hiyo namshukuru Mungu sikuinunua kwa yule kaka maana alitaka kuniuzia na hiyo.

Njia ya Masaka nzuri, tukasimama Kayabwe pale mstari wa ikweta, watoto wakaruka huku na huku kusini na kaskazini mpaka wakachoka. Kufika Busega jioni, foleni ndefu, tukaingia geti la kadi. Baba watoto kashusha kioo, katoa kadi kwa madaha, kaigusisha. Kimya. Kageuza upande wa pili. Kimya. Nyuma honi zimeanza. Binti wa kwenye kibanda akafungua dirisha, akaichukua kadi, akaigeuza mara mbili, akamwita mwenzake, wakaangaliana. Nikasema na stika tunayo, skani stika! Akachungulia kioo chetu, akaniambia kwa upole, nnyabo, yaani mama, hii si ya kwetu, lipa elfu tano mpite.

ELFU TANO. Ya Uganda! Kwa hela yetu haifiki elfu nne. Unatoa noti, unapewa risiti, geti linafunguka, unakwenda. Hakuna kamera ya wageni, hakuna stika, hakuna faini ya milioni mbili. Baba watoto hakusema neno. Kanitazama kwenye kioo cha ndani mara moja tu, akawasha gari. Afadhali angenigombeza.

Na sasa naungama jambo ambalo hata yeye atalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Usiku ule nilimpigia yule kaka. Kapokea! Kasema pole sana mayu, ni mtandao wa Uganda, kadi ikivuka mpaka inalala, inabidi iaktivetiwe, tuma 20,000 kesho itafanya kazi wakati wa kurudi. Nikamwomba wifi yangu aliyebaki Mwanza atume. Akatuma. Ndiyo, nilitapeliwa mara ya pili na mtu yule yule ndani ya saa tano tangu kadi igome. Nilitaka tu iwe kweli, ili nisiwe mjinga mbele ya wanangu. Wakati wa kurudi kadi ikagoma vile vile, tukatoa elfu tano nyingine, na simu yake ikawa haipatikani. Kwa hiyo safari nzima barabara ya kulipia imenigharimu elfu kumi ya Uganda, na huyu mwizi kachukua 255,000.

Lakini nisiwatishe na safari yenyewe, maana yenyewe ilikuwa nzuri na mkipata nafasi nendeni. Ile barabara inateleza, hakuna bodaboda wala matuta, inapita juu ya kinamasi cha Nambigirwa kwenye daraja la karibu kilomita moja na nusu, mafunjo chini yako huku na huku, ziwa unaliona kwa mbali. Na kama hutaki kulipa ile barabara ya zamani ya Entebbe ipo, ni bure, foleni tu ndiyo utakula. Yule kaka hakunitajia hata mara moja kwamba kuna njia ya bure! Entebbe watoto waliona vifaru na simba pale kwenye bustani ya wanyama, wakala rolex, chapati ile inazungushiwa mayai, mpaka wa mwisho akaugua tumbo. Sato wanamwita ngege, sangara wanamwita mputa, ila maji ni yale yale, mwanangu mdogo kayaonja akasema mama hili ni la kwetu. Nililia kidogo pale ufukweni. Sijui nililia furaha au uchungu.

Tumerudi, Jumatatu asubuhi nikaenda Nyegezi. Kontena limefungwa kufuli mbili. Mama ntilie wa jirani kasema kahama wiki iliyopita usiku, na kwamba mimi ni wa tano kuja kulia pale. WA TANO. Kuna mzee mstaafu kauziwa hadi bima, hiyo feki wameikamatia mpakani, kakatiwa nyingine kwa hela ya matibabu aliyokuwa amekwenda nayo.

Nyie mtu huyu asiachiwe! Akikamatwa asipewe dhamana ya kirafiki, asiambiwe "mrudishie mama hela yake yaishe", hapana, mimi sitaki yaishe. Akalale gereza la Butimba. Na huyo mke mhasibu ambaye laini ni yake naye aitwe aeleze, laini imesajiliwa kwa kidole, mtu yupo. Sisemi apigwe, msije mkamgusa mtu mkaharibu kesi, nasema afungwe, na ajue anafungwa kwa sababu ya mtoto wangu aliyepiga makofi.

Mtaijuaje stika feki: stika ina picha ya barabara ya juu ya nguzo, sasa nimeelezwa na kaka yangu anayepeleka mizigo Nairobi kuwa ile ni ya Nairobi, ya Mlolongo hadi Westlands, Entebbe haifanani nayo hata kidogo. Halafu ya Nairobi unalipa kulingana na ulipoingilia na ulipotokea, haina uhusiano wowote na ya Uganda, hakuna kadi moja ya nchi mbili. Na neno Expressway limeandikwa Expresway, s moja, nimeliona nikiwa nimesharudi nyumbani. Na hilo jina la mwanamke kwenye muamala. Mengine nimesahau, kichwa hakijatulia.

Jambo lingine la haraka: kama ulimpa picha ya kadi ya gari, leseni au kitambulisho cha NIDA, nenda polisi useme, usingoje. Mimi nilimpa vyote vitatu na vya mume wangu, usingizi sipati.

RB ya polisi ninayo. Ijumaa saa tatu asubuhi nakwenda tena kwa mpelelezi, wote mliouziwa njooni na stika zenu na meseji za miamala, tukiwa watano hawatatuambia ni ugomvi wa biashara. Stika yangu nimeitoa jana kwa maji ya moto na wembe, nimeitia kwenye bahasha kama kielelezo, lakini gundi imegoma, pale kioo kona ya kushoto pamebaki alama ya mraba na dole gumba lake katikati limejichora.