Seli ya elektrodi ya gesi kwa urea: nzuri, ila hulowa

Kwa kutengeneza urea kwa umeme kutoka kabonidayoksaidi na nitrojeni, seli hii, yenye elektrodi ya vitundu vinavyopitisha gesi, inaishinda mbali ile ya vyumba viwili vya kioo, ambamo gesi huyeyushwa kwanza majini. Katika maji ya nyuzijoto 25, kwa shinikizo la kawaida, nitrojeni huyeyuka takriban milimoli 0.65 tu kwa lita. Hapa gesi hufika kwenye kichocheo kutokea mgongoni mwa elektrodi.

Udhaifu ni kulowa. Chumvi za kabonati huziba vitundu, maji hupenya, hidrojeni ikatawala badala ya urea. Shinikizo la gesi lizidi kidogo la kimiminika, na mgongo wa elektrodi usuuzwe kwa maji safi.

Usiamini kipimo cha urea cha rangi pekee, naitraiti (NO₂⁻) hukivuruga. Thibitisha kwa nitrojeni-15 (isotopu nzito ya nitrojeni), kisha rudia kwa arigoni badala ya nitrojeni: urea ikionekana tena, ni uchafu.